Maneno Niliyompa Ramadhani

Kabiro, Kawangware

Mama Ndanu,

Nimekuwa kiziwi. Nalitanguliza hilo hata kabla ya salamu, kwa sababu najua nikianza na salamu nitazirefusha mpaka karatasi iishe, kisha nitaikunja barua na kujiambia nitakueleza siku nyingine. Siku nyingine sina nyingi. Sikio la kulia limekufa kabisa. La kushoto bado linashika kidogo mtu akinikaribia na kupaza sauti, lakini maneno yananifikia kama ya mtu anayezungumza ndani ya mtungi. Jambo hili nimelificha kwa zaidi ya miaka miwili, na katika wote niliowaficha, wewe ndiye niliyekuficha kwa bidii zaidi.

Sasa nakusalimu. Natumaini barua hii itakukuta ukitembea vizuri, na kwamba lile goti halikusumbui asubuhi. Mvua imefika huko Mwingi? Hapa imenyesha wiki nzima. Nimejua kwa kutazama bati la jirani likirusha maji, si kwa kuisikia. Ndengu umeshapanda? Na yule mbuzi mwenye pembe moja, bado anavunja ua na kuingia kwa watu? Mimi sitakudanganya kuhusu afya yangu. Miguu imevimba mpaka viatu vimenikataa, na nikipanda ngazi za hapa kwa Ndanu napumzika katikati kama mtu aliyebeba gunia. Juzi daktari alizungumza na binti yetu mbele yangu. Sikupata hata neno moja, lakini nilimwona Ndanu akiangalia sakafu kwa muda mrefu, na hilo lilinitosha.

Basi hiyo ndiyo sababu simu zako hazipati mtu wa kuzungumza naye. Sina hasira nawe, wala hakuna mwanamke, ingawa najua ulimuuliza Ndanu. Unapopiga, ananiwekea simu sikioni, nami nasema "sawa, sawa, ni kweli," nakaa kidogo, nasema tena "sawa," kisha ninamrudishia. Siku uliyopiga kunieleza kwamba kaka yako amefariki, nilikujibu, "Vizuri sana." Ndanu alinishika bega akanipigia kelele mpaka nikaelewa nilichofanya. Wewe hukupiga tena kwa muda mrefu, na sikulaumu. Ndanu anafikiri akili yangu ndiyo inayoondoka, na nimemwacha afikiri hivyo. Mwalimu wa lugha akidhaniwa amechanganyikiwa kwa uzee, watu humwonea huruma. Akijulikana ni kiziwi, hata yale aliyofundisha zamani yanaanza kutiliwa shaka. Hivyo ndivyo nilivyojidanganya.

La pili la kukiri ni hili: nimemwonea wivu Ramadhani, na wivu wenyewe umenila kuliko ugonjwa.

Unamfahamu. Ndiye mwenye nyumba wangu wa kwanza, Mnubi wa Kibera, aliyenipangisha chumba kule Mashimoni nilipotoka nyumbani kuja kufundisha Kifaransa, nikiwa na sanduku moja na vyeti vingi. Ulipokuja mwezi wa nne kunichukua nirudi nyumbani, alikuja kukusalimu akiwa na kanzu iliyopigwa pasi mpaka mikono ikasimama yenyewe, na kofia aliyoiinamisha kidogo upande, kama kijana. Anakaribia umri wangu na bado ana meno yake yote. Alikaa nawe kwenye kochi. Akafungua mdomo, nawe ukacheka. Ulicheka ukiziba mdomo kwa upindo wa leso, vile ulivyokuwa ukicheka ulipokuwa msichana, kabla sijakuoa. Sijakuona ukicheka hivyo nikiwa mimi ndiye ninayezungumza. Nami nikacheka pia, nikichelewa kidogo, kama mtu anayeimba wimbo wa kanisa asioujua. Halafu usiku kucha nikawa nayajaza yale maneno mwenyewe. Alikuambia nini? Kwa nini uliniangalia, kisha ukamwangalia yeye? Asubuhi nikakuambia urudi peke yako, kwamba nimepata kazi na siwezi kuondoka. Ulikunja nguo zako bila kusema kitu. Au labda ulisema.

Kazi yenyewe ilikuwapo kweli, na ndiyo nataka kukusimulia.

Kila mwaka chuo kikuu kimoja hapa mjini huonyesha filamu za Kifaransa kwa siku kadhaa. Anayesimamia ni Auma, mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa anafundisha Kifaransa hapo chuoni. Mwaka huu aliamua kwamba siku ya mwisho iwe ya watu wa mitaani, waje kutoka Kibera na Kawangware bila kiingilio, na filamu zisemwe kwa Kiswahili kama zinavyosemwa kwenye mabanda ya video. Wewe hujawahi kuingia kwenye mabanda hayo. Ni chumba cha mabati chenye mabenchi na televisheni, na kando yake husimama mtu mwenye kipaza sauti. Sauti ya filamu inateremshwa, naye anawasemea wote, shujaa na adui, bibi harusi na mbwa. Watu wengine huenda kwa ajili yake, filamu iwe yoyote.

Zamani Ramadhani alikuwa na banda lake Mashimoni, na alikuwa bingwa wa kazi hiyo. Lakini hakujua lugha za nje. Mimi mpangaji wake nilikaa benchi la kwanza nikamnong'oneza maana. Nakumbuka filamu moja ya karate, iliyotiwa sauti za Kifaransa sijui na nani. Nikamwambia, "Anasema atalipiza kisasi cha mwalimu wake." Ramadhani akainua kipaza sauti:

"Sikizeni nyinyi. Huyu kijana anasema, yule mtu aliua mwalimu yake, kuanzia leo atakunywa uji na mrija."

Banda likaanguka kwa kicheko. Nikamvuta shati. "Sikukuambia hivyo."

"Wewe leta mahindi, Mwalimu. Kusaga niachie mimi."

Kwa hiyo unaona wivu huu si wa jana. Miaka yote ile watu walitoka pale wakimpiga yeye mabegani, na mimi nikatoka nyuma yao nikitafuta viatu vyangu.

Auma alitutafuta sisi wawili. Ningekataa. Mtu mwenye aibu kidogo tu angekataa. Lakini ningekataa angempa kazi kijana mwingine, na Ramadhani angesimama mbele ya chuo kikuu bila mimi. Hilo sikuweza kulimeza. Tena nilikuwa na hesabu zangu: filamu hizo huja na maandishi ya Kiingereza chini, na macho yangu bado ni mazima nikivaa miwani. Pia nimefundisha Kifaransa kwa kuwashika watoto mashavu na kuwaonyesha jinsi ya kukunja midomo. Midomo ya Kifaransa naisoma hata ikiwa imefumbwa nusu. Nikajiambia nitapita.

Ndanu alinivalisha suti ile uliyoninunulia nilipostaafu, akaniacha kwenye ukumbi, akarudi kwenye saluni yake. Ukumbi ulijaa. Wanafunzi walikaa nyuma, na mbele walikaa akina mama wa sokoni Kawangware, wazee wa Kinubi wa Kibera na vijana wa mtaa wetu. Filamu ya kwanza ilikuwa fupi, ya mzee aliyeibiwa baiskeli na padri. Maandishi yalikuwapo. Nikanong'ona, Ramadhani akasaga, watu wakacheka. Najua walicheka kwa sababu niliona mabega. Kitu kimoja tu kilinisumbua. Siwezi tena kupima sauti yangu, na kila niliponong'ona kwa nguvu mno Ramadhani alinifinya goti. Alinifinya mara nyingi. Nilidhani ni dharau.

Kabla ya filamu ya pili, Auma alikuja akainama akaniambia jambo. Taa zilikuwa zimezimwa na sikuiona midomo yake, nikaitikia kwa kichwa. Filamu ilipoanza nikaelewa nilichoitikia. Nakala iliyoletwa haikuwa na maandishi chini.

Mama Ndanu, nilitokwa jasho mpaka miwani ikashuka puani. Lakini niliendelea. Filamu ilikuwa ya mwanamke anayeoka mikate katika mji wenye theluji, na mume wake anafanya kazi kwenye meli za mtoni, anakuja nyumbani mara chache. Palipoonekana uso nilisoma midomo. Pasipoonekana nilikisia kutokana na mikono, na Ramadhani alivifunika vipande vilivyokosekana kwa mizaha yake. Tulikwenda hivyo mpaka karibu na mwisho.

Hapo mume anaondoka tena. Ameketi kwenye kiti akifunga kamba za viatu, ameinama, uso wake hauonekani. Mke amesimama nyuma yake, na sisi tuko nyuma ya mke. Tunaona mgongo wake tu, na fundo la aproni. Picha hiyo ilikaa, ikakaa. Niliona mabega yakiinuka, nikajua anasema kitu. Ramadhani akanigeuzia sikio. Ukumbi wote ulikuwa unamngoja yeye, naye alikuwa ananingoja mimi, na mimi sikuwa na kitu.

Nikaliangalia lile fundo la aproni. Nikafungua mdomo, na hiki ndicho nilichomwambia, kipande baada ya kipande:

"Nimechoka kukupikia kama mgeni. Nikikuwekea chai nachukua kikombe cha wageni, kwa sababu sijui kama hiki kingine unakipenda. Mtoto ameniuliza mgeni ataondoka lini. Sitaki uniletee kitu. Nataka siku moja tu ukae hapa mpaka ugombane nami kwa sababu chumvi imezidi."

Nilingoja asage. Nilingoja aweke uji na mrija. Hakuweka. Aliyasema kama nilivyompa, taratibu, na sikuhitaji masikio kujua kwamba alikuwa ameishusha sauti, kwa sababu niliona koo lake. Niliangalia nyuma. Vijana walikuwa wameshusha simu zao mapajani. Mama mmoja wa sokoni alikuwa amejifunika uso kwa kitambaa cha kichwa. Filamu ilipoisha nilihisi makofi yakipanda kutoka kwenye sakafu na kuingia katika miguu yangu iliyovimba.

Wakamzunguka Ramadhani. Wanafunzi walipiga picha naye, wawili wawili, wakimwita babu. Baadaye alinirudia walichosema, kwa maana hawezi kulala na sifa tumboni. "Eti, babu umeua. Eti babu, hiyo imeniweza kabisa, naenda kupigia mathe simu." Mathe ndiye mama. Yule mama wa sokoni alimshika mkono kwa mikono yake miwili. Alisimama mbele yangu akinitazama kidogo na kumtazama yeye sana, kwa hiyo midomo yake niliiona vizuri.

"Baba," alimwambia, "mke yako ana bahati."

Sijui kama kuna mtu amewahi kukutia kisu na akatabasamu. Ramadhani alinyoosha kidole kwangu. "Maneno ni ya Mwalimu huyu."

Wakageuka wote. Ulikuwa wakati wangu, ule niliongoja tangu Mashimoni. Nikasema, "Hapana. Ni ya filamu." Ningesema nini? Nikiyadai maneno, nakiri kwamba sikumsikia yule mwanamke. Wakamrudia Ramadhani. Nikatoka nje kukaa kwenye ngazi, na nilimchukia mpaka mate yakawa machungu.

Alinifuata na vikombe viwili vya chai. Akakaa upande wangu wa kushoto, hakukosea upande, akaleta mdomo karibu.

"Mwalimu, mimi najua hausikii."

"Nani amekuambia?"

"Hakuna. Nilikuwa na shaka, nikakujaribu. Ile siku mke yako alikuja, nilikutusi pale kwa kochi. Nikakuambia, Mwalimu, una kichwa kama ya kondoo mzee. Ukaniambia, asante, karibu tena. Nikakutusi ingine. Ukasema, ni kweli. Mama Ndanu karibu aanguke."

Nikakishusha kikombe. "Alikuwa anacheka hilo?"

"Alifikiri unacheza. Aliniambia, 'Tangu anioe sijaona huyu mtu akifanya mchezo. Leo ndiyo amefanya.' Alifurahi, Mwalimu. Nikashindwa kumwambia."

Kwa hiyo kumbe yule niliyemwonea wivu nusu ya mwaka, yule aliyekuchekesha mpaka ukaziba mdomo, nilikuwa mimi. Na nilikufukuza kwa ajili yake. Hata hivyo, sitajifanya mwema: niliposikia hayo sikumshukuru Ramadhani. Niliona kwamba amenizidi tena. Amejua siri yangu tangu mwezi wa nne, akaibeba, akanifinya goti kunificha mbele ya watu, na hakunidai chochote. Hata wema anao kuliko mimi. Nilimrudishia kikombe kikiwa kimejaa.

Auma naye akaja, akasimama mbele yetu. Yeye namwelewa vizuri, kwa maana hata Kiswahili anakitamka kwa ile midomo niliyomfundisha. Hakuwa amekasirika.

"Mwalimu, imekuwa tafsiri nzuri. Lakini yule mama alisema tu, 'Chukua koti, nje kuna baridi.' Hayo mengine umeyatoa wapi?"

"Yalikuwa usoni mwake," nikasema.

"Uso wake haukuonekana, Mwalimu."

Nikamwambia nimechoka, anitafutie gari la kunirudisha Kawangware. Ramadhani akanisindikiza mpaka hapa Kabiro, ingawa kwake ni upande mwingine. Mlangoni akalileta tena domo lake sikioni. "Hayo maneno si ya Mfaransa. Mfaransa atajua wapi mambo ya kikombe ya wageni? Hiyo imetoka nyumba ya nani?"

Nikamgeuzia sikio la kulia.

Tangu siku hiyo sijalala vizuri, na si kwa sababu ya miguu. Ikiwa bado unanitaka nyumbani, mtume mwanetu Mutua aje na gari la rafiki yake, nikiwa bado naweza kuketi. Usipige simu. Mwandikie Ndanu ujumbe, nitausoma mwenyewe. Na ukiamua kwamba nimechelewa mno, niandikie hilo pia. Macho yangu yatalipokea.

Nisalimie dada yangu Syombua, mshika funguo wa kanisa, umwambie nimeacha kubishana naye kuhusu mpaka wa shamba. Nisalimie mkaza mwana wetu Mwikali anayekuchotea maji, na mzee Kilonzo jirani anayevumilia mbuzi wetu. Mutua mwanetu mwambie suti yangu bado inanitosha, asinunue nyingine. Ndanu anakusalimu. Nitamweleza habari za masikio leo jioni, akifunga saluni, kabla hujamweleza wewe.

Nilitaka kutia sahihi hapa. Nimeishika kalamu juu ya karatasi kwa muda, kisha nimeona kwamba nikiishia hapa nitakuwa nimekuandikia habari za filamu tu.

Umeyasoma maneno yale na umeyatambua. Huenda umeyatambua tangu kwenye kikombe. Nilikuwa nyumbani likizo ya Krismasi, na asubuhi hiyo narudi Nairobi. Nilikuwa nanyoa ndevu dirishani, redio iko kwenye kidirisha inatoa habari. Ulisimama mlangoni nyuma yangu. Nilikuona kwenye kile kioo kidogo cha msumarini, umeshika sweta yangu umeikunja. Ukayasema. Sikumwongezea Ramadhani neno wala sikumpunguzia. Ulipomaliza, ukangoja. Mimi nikanyoosha mkono, nikapandisha sauti ya redio kidogo, nikauliza bila kugeuka, "Ulisema nini?"

Ukaniangalia kwenye kioo. Ukasema, "Si kitu. Chukua sweta, Nairobi kuna baridi."

Nikaichukua. Ukaamini miaka hii yote kwamba redio ilikushinda, na mimi nikakuacha uamini, nikaendelea kuja mara moja kwa mwaka na kunywa chai katika kikombe cha wageni.

Redio haikukushinda, Kalunde. Masikio yangu siku ile yalikuwa mazima. Nilisikia kila neno.

Mumeo,
Mutinda